Mtafsiri au Mhariri? Uteuzi wa Toleo la Kazi Zote za Shakespeare katika Uhakiki wa Tafsiri za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili uteuzi wa toleo la kazi zote za William Shakespeare kama suala la mbinu katika uhakiki wa tafsiri za Kiswahili. Kwa kurejelea tamthilia zilizotafsiriwa na Julius Nyerere na Samuel Mushi, makala yanaonyesha kwamba baadhi ya tofauti kati ya matini chanzi na matini lengwa huweza kuwa zimetokana na mhariri wa matini chanzi, si mtafsiri. Makala yanapima matoleo manne na kupendekeza vigezo vya uteuzi.

1. Utangulizi

Mhakiki wa tafsiri huweka matini mbili mbele yake na kuzilinganisha. Matini lengwa huitaja kwa ukamilifu: *Mabepari wa Venisi*, 1969, pamoja na mchapishaji na ukurasa. Matini chanzi, kwa upande wake, aghalabu hutajwa kwa jina la mwandishi na namba za tendo na onyesho tu, kana kwamba Shakespeare ni kitabu kimoja kisichobadilika. Desturi hiyo ina athari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tamthilia za Shakespeare zilizotafsiriwa kwa Kiswahili hazina mswada uliosalia kwa mkono wa mwandishi. Kilichopo ni vitabu vya wachapaji wa zama zake, na juu ya vitabu hivyo kuna zaidi ya karne tatu za maamuzi ya wahariri. Asiyejua maamuzi hayo huweza kumtwisha mtafsiri mzigo usio wake.

2. Mashahidi wa matini

Tamthilia za Shakespeare zilitufikia kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kwarto, yaani vijitabu vya tamthilia mojamoja vilivyochapwa kwa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ya pili ni Folio ya mwaka 1623, kitabu kikubwa cha karatasi iliyokunjwa mara moja, ambamo waigizaji wenzake John Heminges na Henry Condell walikusanya tamthilia 36, miaka saba baada ya kifo chake. Tamthilia 18 kati ya hizo hazikuwa zimechapwa kabla.

Miongoni mwa hizo 18 zimo *Julius Caesar*, *Macbeth* na *The Tempest*. Hivyo, kati ya tamthilia nne zilizotafsiriwa na Nyerere na Mushi katika miaka ya 1960, tatu zina shahidi mmoja tu wa awali, yaani Folio. Ya nne, *The Merchant of Venice*, ilichapwa kwanza kama kwarto mwaka 1600. Yamkini bahati hiyo ndiyo iliyofanya tatizo la matini lisionekane wazi katika taaluma yetu. Mtafiti atakayehamia kwenye *King Lear* atakuta kwarto ya 1608 ina mistari takribani 300 isiyomo katika Folio, nayo Folio ina mistari takribani 100 isiyomo katika kwarto hiyo. *Hamlet* ina matini tatu: kwarto ya 1603, ya 1604/5 na Folio. Hapo swali la "Shakespeare yupi?" haliepukiki.

3. Shahidi mmoja, wahariri wengi

Hata penye shahidi mmoja, swali halifi. Mfano ulio mzito zaidi kwa wanaisimu unatoka katika *The Tempest*, ambayo Mushi aliitafsiri kwa jina la *Tufani* (1969). Katika tendo la kwanza, Kalibani anashutumiwa kwa ukali na mtu anayemkumbusha kwamba alimfundisha kusema. Folio inayaweka maneno hayo kinywani mwa Miranda. Lewis Theobald, katika toleo lake la 1733, alimpa Prospero, na wahariri wengi wakamfuata hadi katika karne ya 20, kwa kuona kwamba ukali huo haumfai msichana. Matoleo mengi ya sasa yamemrudishia Miranda.

Tofauti hiyo inagusa kiini cha usomaji wa tamthilia hii katika mazingira yaliyowahi kutawaliwa. Ikiwa mfundishaji ni Prospero, lugha inaingia pamoja na mamlaka ya mtawala. Ikiwa ni Miranda, lugha inaingia kupitia ulezi wa nyumbani, na mwanamke anakuwa mshiriki wa utawala huo. Mhakiki anayelinganisha tafsiri iliyofuata toleo la zamani na toleo jipya ataandika kwamba mtafsiri amemnyamazisha Miranda. Shutuma hiyo ni nzito, na inaweza kuwa si ya haki, kwa kuwa aliyemnyamazisha ni mhariri wa London wa karne ya 18.

*Macbeth* inatoa mfano wa upande wa pili. Folio inataja maneno ya mwanzo tu ya nyimbo mbili za wachawi. Matini kamili za nyimbo hizo zimo katika *The Witch* ya Thomas Middleton, na toleo la Oxford la 1986 linazichapa kikamilifu ndani ya tamthilia. *Makbeth* ya Mushi ilitoka mwaka 1968. Mhakiki anayeisoma akiwa na toleo la Oxford mkononi hana msingi wa kumhesabia mtafsiri upungufu wa nyimbo ambazo matoleo mengi ya wakati wake hayakuzichapa.

Katika *The Merchant of Venice*, kwarto ya 1600 hubadilisha utambulisho wa msemaji: mara Shylock kwa jina lake, mara Myahudi. Wahariri wengi wameusawazisha utambulisho huo kwa kutumia jina. Basi anayechunguza jinsi tafsiri inavyomtaja mhusika huyu hana budi kujua kwamba usawa anaouona katika matini chanzi ni kazi ya mhariri. Kinyume chake, neno "mabepari" katika anwani ya Nyerere, lenye wingi na uzito wa kitabaka pale ambapo anwani ya Kiingereza ina mfanyabiashara mmoja, halina mhariri wa kulaumiwa wala kusifiwa. Huo ni uamuzi wa mtafsiri, na ndipo uhakiki wa itikadi yake unapopata msingi imara.

4. Matoleo manne katika mizani

Toleo la Riverside (1974), lililohaririwa na G. Blakemore Evans, huweka mabano ya mraba pale mhariri anapoiacha matini ya msingi, na kila tamthilia hufuatwa na maelezo ya matini. Aidha, faharasa ya maneno ya Marvin Spevack imejengwa juu yake, jambo linalomfaa mtafiti wa msamiati.

Toleo la Oxford (1986), chini ya Stanley Wells na Gary Taylor, lilibadili taaluma hii. Linachapa *King Lear* mara mbili, linamrudishia Falstaff wa *1 Henry IV* jina la Oldcastle, na katika *Hamlet* linahamishia mwishoni vifungu vya kwarto ya pili visivyomo katika Folio. Hata hivyo, kurasa zake hazina tanbihi, na sababu za maamuzi yake zilichapwa katika kitabu kingine mwaka 1987. Maktaba yenye kitabu cha kwanza pekee inampa mwanafunzi hukumu bila ushahidi.

Toleo la kwanza la Norton (1997) lilichukua matini ya Oxford na kuipa maelezo, likachapa *King Lear* ya kwarto na ya Folio katika kurasa zinazotazamana, pamoja na matini iliyounganishwa. Toleo la tatu (2015) lina matini mpya. Toleo la RSC (2007), la Jonathan Bate na Eric Rasmussen, linajengwa juu ya Folio, hivyo linafaa kwa anayetaka kuona kitabu cha 1623 kilivyozipanga tamthilia, lakini si kwa anayechunguza kwarto.

Kwa ulinganishaji wa tafsiri, kigezo cha kwanza ni uwazi: je, toleo linamwonyesha msomaji pale mhariri alipoingilia? Kwa kigezo hicho Riverside inaitangulia Oxford, ingawa Oxford ni mpya zaidi na ina ujasiri zaidi. Kigezo cha pili ni wakati: toleo lililochapwa baada ya tafsiri haliwezi kuwa matini chanzi yake, ila ni chombo cha kuichunguza. Kwa tamthilia mojamoja, mfululizo wa Arden, wenye orodha ya tofauti za matini chini ya kurasa, hauna budi kuwekwa kando ya kitabu kikubwa.

5. Hitimisho

Nidhamu hii haina budi kutumika pia kwa matini lengwa. Nyerere alichapisha tafsiri ya *Julius Caesar* mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa upya kama *Juliasi Kaizari* mwaka 1969. Anayenukuu tafsiri hiyo bila kutaja mwaka anatenda kosa lilelile la anayemtaja Shakespeare bila toleo. Kwa hiyo, tasnifu ya tafsiri inapaswa kueleza katika sura ya mbinu toleo alilolitumia mtafsiri, iwapo limebainika, toleo analolitumia mtafiti, na sababu ya kuliteua. Pale toleo la mtafsiri lisipobainika, kila tofauti inayodaiwa ipimwe kwanza dhidi ya orodha ya tofauti za matini, kabla ya kuitwa udondoshaji, upotoshaji au itikadi. Tofauti zitakazosalia baada ya kipimo hicho huenda zikawa chache, lakini zitakuwa za mtafsiri mwenyewe.