Hasheem aliondoka Storrs mapema mno

Video ile imerudi tena kwenye simu za vijana wa hapa Makurunge, na kelele zake zimerudi nayo. New York, 25 Juni 2009, siku ya drafti ya ligi ya kikapu ya NBA, kamishna David Stern anasogea kwenye kipaza sauti na kumtaja mtoto wa Dar es Salaam: chaguo la pili, Memphis Grizzlies. Nyuma yake anafuata James Harden, wa tatu. Stephen Curry ni wa saba. Kijiwe kizima cha bodaboda kinacheka kwamba Memphis waliuziwa mbuzi kwenye gunia na Hasheem alikuwa garasa. Maneno haya nimeyasikia zaidi ya miaka kumi na tano na yamenichosha, maana watu wanaitazama siku ambayo siyo. Kosa halikufanyika Juni. Lilifanyika Aprili, kule Storrs, pale Hasheem Thabeet alipouacha mwaka wa nne wa Chuo Kikuu cha Connecticut akaenda kutafuta ajira.

Memphis nao walikosea, sibishi, na kosa lao halihitaji darasa refu. Nafasi za walinzi walikuwa nazo Mike Conley na O.J. Mayo, kwa hiyo hesabu yao ilikuwa kwamba walinzi wametosha. Sawa. Lakini senta alikuwepo pia, Marc Gasol, ametoka kumaliza msimu wake wa kwanza na hakuna aliyekuwa na shaka naye. Kama kiti kilichojaa kilimzuia Curry, kwa nini hakikumzuia Hasheem? Kwa sababu ya sentimita 221. Basi. Kosa la Memphis ni la Memphis, wamelilipia, na mimi sina ndugu Memphis.

Turudi Aprili. Kazi ya kocha wake wa chuo, Jim Calhoun, kwa miaka mitatu ilikuwa safi: alimpokea kijana aliyeanza mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, akamfanya mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East mara mbili mfululizo. Januari 31, 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Nzuri.

Sasa wekeni mechi ya Pittsburgh. Februari 16, 2009, Hartford, siku anatimiza miaka 22. Connecticut ni namba moja nchini. Mbele yake yupo DeJuan Blair, mfupi kuliko yeye kwa sentimita 20 hivi, mpana kama mlango. Mtazameni Hasheem anavyosimama kabla mpira haujaingia ndani. Magoti yamenyooka, miguu imekaribiana, kifua kiko juu. Blair hamrukii, hana shida ya kumrukia. Anamwekea kiuno kwenye mapaja, anampeleka hatua moja nje, halafu anaokota ribaundi mahali ambapo Hasheem alikuwa amesimama sekunde moja kabla. Mnalikumbuka lile tukio ambalo mikono yao iliviringana wakigombea mpira, Blair akainama na Hasheem akapaa juu ya mgongo wake mpaka chini? Wenzangu huliita ubabe. Mimi naliita kipimo. Mtu mrefu ambaye uzito wake wote umekaa juu ni mlingoti wa jahazi usiofungwa kamba, upepo wowote wa pembeni unaulaza. Mechi iliisha 76 kwa 68, Pittsburgh juu. Blair pointi 22, ribaundi 23. Hasheem pointi 5, ribaundi 4.

Hiyo ilikuwa Februari. Mwezi uliofuata Pittsburgh wakashinda tena. Aprili 4 Michigan State wakaitoa Connecticut kwenye nusu fainali ya taifa kule Detroit, 82 kwa 73. Na baada ya hapo, Aprili hiyo hiyo, kijana ambaye Pittsburgh walikuwa wameshamwonyesha ufa ulipo, akasema yuko tayari kwenda kuutetea mkate wake mbele ya wanaume wanaolipwa kusukumana kila usiku, mechi 82 kwa msimu. Tayari kwa lipi? Mkono wa kushoto hana. Mgongo kwa goli anageukia upande mmoja tu. Akipokea pasi ya chini mpira unamtoka. Haya yote si laana, ni mambo ya kufundishwa, na mwaka wa nne ndio darasa lake. Alibakiza bloku 25 tu kumpita Emeka Okafor kwenye rekodi ya chuo, lakini rekodi siililii. Namlilia mguu wa egemeo.

Najua jibu lenu, na kwa nusu yake ninyi mna haki. Hasheem alifiwa na baba akiwa bado mdogo, na kule Marekani mwanafunzi wa kigeni hakuwa na njia ya halali ya kula kwa kipaji chake. Kwa viza ya mwanafunzi unaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, ukapange vitabu maktaba au uoshe sahani bwaloni. Ukumbi ulijaa watu waliolipa kuja kumtazama yeye, televisheni ikalipa, na yeye hapati hata senti moja. Mtu umekaa miaka mitatu hivyo, halafu anakuja wakala anakuambia utachaguliwa ndani ya watano wa kwanza. Nani asingeenda? Tena mnaongeza: angebaki akaumia goti, nani angemlipa?

Sawa. Sasa tusome mkataba wenyewe, maana wengi hapa wanaubishia bila kuusoma. Mchezaji wa duru ya kwanza analipwa kwa jedwali la ligi, hakuna kupatana sana. Miaka miwili ya kwanza ina uhakika, wa tatu na wa nne ni hiari ya timu. Kwa maneno mengine, ni ajira ya majaribio yenye mshahara mnono. Anayeingia akiwa bado anajifunza kusimama anaimaliza miaka miwili hajajua kutembea, na mkataba wa pili, ule ambao mchezaji anauzungumzia akiwa na sauti, hauji. Ndicho kilichotokea. Msimu wa kwanza dakika 13 kwa mechi, pointi 3.1. Julai ya mwaka ule ule wa 2009 Memphis wakamleta Zach Randolph, kwa hiyo chini ya goli wakawa wawili wenye njaa na yeye kwenye benchi. Februari 2010 akapelekwa Dakota Wizards, ligi ya maendeleo, na hakuna aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko kabla yake. Februari 2011 akauzwa Houston kwenye biashara iliyompeleka Shane Battier Memphis, na masika yale yale Memphis ya Battier ikaitoa San Antonio iliyomaliza ya kwanza magharibi. Baadaye Portland, baadaye Oklahoma City. Mechi 224 za NBA kwa jumla, wastani wa pointi 2.2.

Alikwenda kufundishwa mahali ambapo hakuna aliyeajiriwa kufundisha. Kocha wa Memphis, Lionel Hollins, alikuwa anatafuta ushindi, na kocha anayetafuta ushindi akiwa na Gasol hana sababu ya kumlea mwingine.

Wakongwe walilijua hili. Hakeem Olajuwon alifika Houston mwaka 1980, akaketishwa msimu mzima bila kucheza, halafu akacheza mitatu. Kiangazi chote alikuwa Fonde, ukumbi wa mazoezi wa mjini pale, anasukumwa na Moses Malone, bingwa wa ribaundi wa dunia nzima. Mwaka 1984 alipochaguliwa wa kwanza alikuwa ameshapigwa na mkubwa kuliko wote watakaompiga. Dikembe Mutombo wa Kinshasa ndiye zaidi. Aliingia Georgetown 1987 akitaka udaktari, mwaka wa kwanza hakucheza, akajifunza Kiingereza, akamaliza shahada ya isimu na diplomasia mwaka 1991, na kazi yake ya kwanza Denver akaianza ana miaka 25. Wa nne kwenye drafti, si wa pili! Msimu ule ule akaitwa kwenye mechi ya nyota, na akaja kuwa mlinzi bora wa ligi mara nne. Nani hapa anaikumbuka miaka minne aliyochelewa?

Kuna atakayenitupia Okafor: chuo kile kile, kocha yule yule, miaka mitatu ile ile, chaguo la pili mwaka 2004. Ahsante kwa kunisaidia. Okafor aliondoka na ubingwa wa taifa, na shahada ya fedha aliimaliza kwa hiyo miaka mitatu. Tena Charlotte iliyomchukua ilikuwa timu mpya kabisa, viti vyote vitupu. Akawa mchezaji bora wa mwaka wa kwanza. Hata Ricky Rubio, aliyechaguliwa wa tano siku ile ile ya Hasheem, alibaki Hispania miaka miwili zaidi kabla ya kuripoti Minnesota, na Blair aliyembeba Hasheem mgongoni alichaguliwa wa 37 kwa sababu ya magoti yake.

Mtaniuliza haya yanaihusu nini kata iliyozungukwa na miwa. Makurunge tunaifahamu ajira ya kuahidiwa: Waswidi wa EcoEnergy walikuja na hesabu zao za sukari kwenye ardhi ya iliyokuwa ranchi ya RAZABA, hati ikafutwa 2016, na sukari tuliyokuja kuiona ni ya Bakhresa. Sasa kuna watoto wetu wako nje wanasoma, na mzee mmoja jirani yangu alinifuata majuzi. Binti yake yuko Marekani, uhandisi, mwaka wa tatu, kampuni imemwita kazini sasa hivi. Mzee amefurahi mpaka amechinja. Nikamwambia, mzee wangu, muulize binti mambo mawili: hicho kiti nani amekikalia leo, na nani atamwonyesha kazi. Halafu nikamkumbusha kwamba akihitimu kule anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi ya fani yake miezi 12, na kwa wahandisi inaongezeka 24. Anayetoka katikati bila cheti hana mlango huo. Mzee akaniona nina husuda. Haya.

Na makocha wetu nao, maana hili nimelisema hapa mara nyingi na nitalisema tena. Mtoto mrefu akionekana Bagamoyo anaitwa Hasheem kabla hajaulizwa jina, anasimamishwa chini ya goli, anaambiwa inua mikono. Miguu hafundishwi. Rais mstaafu Kikwete wa Msoga, ambaye mchezo huu aliucheza na kuulea, aliona kiwanja chake kikifunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015, lakini viwanja havifundishi egemeo. Watoto wanatoka hapa na urefu, wanafika ng'ambo na urefu, na kule wanaajiriwa kwa urefu. Ya Hasheem ilianzia hapo.

Juni 2024 Memphis wakachagua tena jitu: Zach Edey wa Purdue, Mkanada, mrefu kuliko Hasheem kidogo, naye aliuanza mchezo akiwa kijana mkubwa. Safari hii wa tisa. Miaka yote minne ya chuo aliimaliza, na senta wao Steven Adams walikuwa wameshamuuza miezi michache kabla. Mwaka uliofuata akatajwa kwenye kikosi cha kwanza cha wachezaji wa mwaka wa kwanza wa ligi. Vijana wa kijiwe sasa wanamlinganisha na Mutombo. Hebu waniache. Ana urefu wa kumzidi, lakini kwa kazi hamfikii hata kiunoni.