Koja Lisilo na Ua

Kwetu pwani mkufu wa simbi ni kitu cha kumuuzia mgeni. Kijana wa ufukweni anakuja na mikufu mafungu kwa mafungu mkononi, bei inapatanwa, mgeni anavaa siku mbili tatu, uzi unakatika, basi. Ndiyo maana mtu wa kwetu akiambiwa kwamba koja la simbi za Niʻihau, huko Hawaii, huweza kuuzwa kwa maelfu ya dola, atauliza kwanza kama ndani yake mna dhahabu. Hamna. Mna simbi, uzi na mafundo. Thamani iliyobaki ni ya mkono, na sehemu kubwa ya kazi ya mkono huo ni kukataa.

Niʻihau ni kisiwa cha kilomita za mraba 180 hivi, magharibi ya Kauaʻi, kikitenganishwa nacho na bahari ya kilomita 28. Mwaka 1864 Elizabeth Sinclair alikinunua kwa Mfalme Kamehameha V kwa dola 10,000 za dhahabu, na hadi leo kiko mikononi mwa kizazi chake, ukoo wa Robinson. Mgeni haingii bila ruhusa. Wakazi hawafiki 200, na lugha yao ya nyumbani na ya kila siku ni Kihawaii, jambo ambalo visiwa vikubwa jirani vilishalipoteza. Kilichowafanya watu wa hapa wawe mafundi wa simbi ni ukame. Milima ya Kauaʻi inakinga mvua, na ardhi ya Niʻihau hubaki kavu. Maua ni haba. Wenzao wakitunga makoja ya maua na majani mabichi, wao walitunga walichopewa na bahari. Hata kwenye alama rasmi za visiwa vya Hawaii, ambapo kila kisiwa kina mmea wake, Niʻihau peke yake kina simbi.

Simbi zenyewe, zile zinazotajwa zaidi, ni za namna tatu. Momi ni nene kidogo, inang'aa, kuanzia nyeupe hadi kahawia yenye madoadoa. Laiki ni nyeupe au ya rangi ya maziwa, na ukubwa wake ni wa punje ya mchele. Kahelelani, yenye jina la chifu wa zamani wa kisiwa hicho, ndiyo inayowatoa watu roho. Ni ndogo kupita zote, milimita chache tu kutoka ukingo hadi ukingo, imejiviringa vizuri, na rangi zake ni nyingi: kahawia, manjano iliyofifia, damu ya mzee, na mara chache sana waridi kali inayotafutwa kuliko zote.

Huwezi kuzivuna kwa reki wala kwa ungo. Miezi ya baridi, tuseme kuanzia Oktoba hadi Machi, mawimbi makubwa huzitupa pwani simbi ambazo konokono wake wamekwisha kufa. Hapo wanawake, wanaume na watoto hushuka ufukweni. Wanachuchumaa, wanapiga magoti, na mwisho wanalala kifudifudi kabisa, uso karibu na mchanga, wakiokota moja moja kwa ncha za vidole. Mtu anaweza kushinda juani namna hiyo na kurudi na kichupa ambacho hakijajaa. Na haraka inahitajika pia, ingawa haionekani, kwa sababu simbi iliyolala sana juani hupauka na kupoteza ule mng'ao, na iliyosuguliwa sana na mawimbi hulika.

Nyumbani ndipo kazi inapoanza. Zinasafishwa, zinakaushwa, kisha zinamwagwa mezani na kuchambuliwa. Anayejua kuchambua mchele ana jicho la kuanzia, ila hapa mambo ni kinyume: kwenye mchele unatoa chache ubakize nyingi, kwenye simbi unatoa nyingi ubakize chache. Yenye ufa inatoka. Yenye tundu la mdudu inatoka. Iliyomeguka mdomo inatoka. Zilizobaki zinagawanywa kwa aina, halafu kwa ukubwa, halafu kwa rangi, na hapo kwenye rangi ndipo uvumilivu unapopimwa, maana waridi moja si waridi nyingine. Fundi huweka mbili kando kwa kando, anazigeuza kwenye mwanga, na moja anairudisha kichupani ingoje wenzake. Koja la rangi moja adimu linaweza kungoja miaka, msimu baada ya msimu, mpaka simbi zifike idadi. Mimi naona ujasiri fulani katika kuanza koja ambalo hujui kama bahari italimaliza.

Kisha kutoboa. Shika kahelelani kati ya kidole gumba na cha shahada, na imekwisha kupotea. Unaihisi kuliko unavyoiona. Fundi anaweka ncha ya chombo chake chembamba mahali pamoja tu panapofaa, anakandamiza, na kigamba kinakubali au kinapasuka. Vingi hupasuka. Simbi iliyookotwa kwa tumbo, ikachambuliwa, ikangojewa, inakuwa vumbi kwa sababu kidole kilizidisha nguvu kidogo. Zilizopona mara nyingi zina mchanga ndani, na mchanga huo hutolewa kwa ncha ya sindano, punje kwa punje, kabla uzi haujapita. Uzi siku hizi ni wa nailoni. Ncha yake hupakwa gundi ikauke iwe ngumu, ifanye kazi ya sindano.

Lakini tazama asichofanya fundi huyu. Hapaki rangi. Hachongi, hasugui, hang'arishi kwa dawa. Ukiacha vitundu, simbi iko vilevile ilivyotoka majini. Sonara ana moto na nyundo za kusahihisha kosa lake. Mtunga koja wa Niʻihau hana namna ya kurekebisha rangi isiyolingana, ila kuiacha na kutafuta nyingine.

Mitungo ni mingi. Kuna ule wa kui pololei, simbi zikifuatana moja kwa moja kwenye uzi. Kuna poepoe, zikielekezwa pande zote mpaka koja linakuwa nene la mviringo. Kuna ule unaoiga vitumba vya pīkake, ua ambalo pwani ya Afrika Mashariki tunalijua vizuri sana, kwa kuwa ndilo asumini letu. Miisho ya nyuzi hukutanishwa na kufichwa chini ya simbi za kauri. Wapo wanaopenda mitungo yenye rangi nne tano iliyopindwa kwa mbwembwe, na ufundi wake siukatai. Ila kwangu uzi mmoja wa kahelelani za rangi moja unashinda yote, kwa sababu hauna pa kuficha simbi mbovu.

Makoja haya yalivaliwa na wakubwa wa Hawaii. Katika picha za karne ya 19 Malkia Kapiʻolani anaonekana ameyavaa, nyuzi nyingi ndefu. Leo, kwenye kisiwa ambacho ajira ni shida, ni njia ya kupata fedha taslimu, na penye fedha waghushi hawakosekani. Simbi za kutoka kwingineko zikawa zinatungwa na kuuzwa kwa jina la Niʻihau, mpaka mwaka 2004 Gavana Linda Lingle akatia saini sheria ya kuyalinda makoja ya Niʻihau na ughushi. Hata hivyo mnunuzi asitegemee karatasi peke yake. Alilaze koja juu ya kitambaa cheupe, alifuate kwa jicho simbi moja hadi nyingine, aangalie kama ukubwa unapungua na kuongezeka taratibu, kama kuna kigamba kilichomeguka penye tundu, kama mng'ao ni wa gamba lenyewe au wa kitu kilichopakwa juu yake. Kisha ndipo aulize bei, na akiisikia asipatane sana.