"Able" Kabla ya Kazi

Nenda mazishi yoyote hapa Nyaramba uhesabu: kila anayepewa maikrofoni ni "able". Able chifu, able MCA, hadi emsii mwenyewe. Kwa Kiingereza neno hilo linasifu uwezo wa kazi. Sisi tumeligeuza cheo, mtu analivaa hata kabla barabara aliyoahidi haijaona greda.

Halafu kuna "respectable guests". Emsii anadhani amewatukuza wageni, kumbe amesema tu kwamba si wahuni. Anayeheshimiwa ni "respected". Anayeheshimu wengine ni "respectful", na huyo, jameni, ni yule mama aliyeamka saa kumi alfajiri kuwapikia waombolezaji. Hatajwi.

Chuo niliacha, kwa hivyo sina Kiingereza cha kulinda. Kinachoniuma ni kwamba Abagusii wana chinsoni, kanuni zao za staha: baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hakuna sifa inayotamkwa hapo, ni mguu tu unaoishia nje ya mlango. Na ukimwita mzee "omogaka", umemaliza.

Tangu kaunti zianze 2013, waheshimiwa wameongezeka na itifaki imerefuka. Jeneza linangoja juani.