Makofi si hesabu

Bandugu, tuseme ukweli. Kila promosheni ikimaliza masomo inafanya kitu kilekile: inafungua kikundi cha WhatsApp cha "vijana wajasiriamali", inaingiza kila mwenye namba, na watu wanaahidiana kusukumana mbele. Wiki ya kwanza picha zinamiminika. Huyu anauza sabuni, yule anafuga kuku, mwingine iko na kibanda cha kutuma pesa kwa simu. Makofi, "courage", "Mungu abariki". Mwezi wa tatu zinabaki salamu za asubuhi na matangazo ya msiba.

Mimi niko ndani ya vikundi vitatu vya namna hiyo. Sijaona hata kimoja ambamo mtu anaulizwa: ulisema utauza mifuko mitatu ya maharagwe, umeuza mingapi?

Wengine wanasema shida ni mega, kwamba intaneti ni ya bei. Hapana. Mega za kutuma video za kuchekesha zinapatikana. Shida ni namna kikundi kimejengwa. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 pamoja. Kati ya watu wengi hivyo, ukinyamaza wiki mbili, nani atajua?

Sasa tuangalie wamama wetu wa soko ya Mudaka. Wengi hawana diploma, lakini wako na likelemba au AVEC. Ile njia ya AVEC ilianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ikasambaa Afrika nzima. Kwa kawaida wanachama ni 15 mpaka 25. Siku ya mkutano inajulikana. Kila mtu ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, na zinagongwa muhuri kwenye kitabu chake. Pesa zinahesabiwa mbele ya wote, kisha zinaingia ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu mbalimbali. Ukichelewa, unalipa faini. Mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mmoja, wanagawana. Hakuna hotuba ya kutia moyo pale, lakini usipokuja, kiti chako kinaonekana kitupu.

Utaniambia: ile inawezekana juu wanaonana uso kwa uso. Si lazima. Kule Chile, watafiti Kast, Meier na Pomeranz walifuata watu wenye biashara ndogo. Wale waliotangaza lengo lao la akiba mbele ya wenzao, na wenzao wakawafuatilia, walienda kuweka pesa benki mara nyingi zaidi, karibu mara 3.5 ya wengine. Kisha wakajaribu ufuatiliaji wa ujumbe wa simu tu, bila mikutano, na matokeo yakakaribia yaleyale. Kwa hiyo simu inatosha, mradi kuna mtu anayeangalia upande wa pili.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya biashara vya Ulaya havisemi. Hapa kwetu, kutangaza una dola ngapi mbele ya watu mia mbili ni kuita wezi usiku. Tangu Februari 2025, M23 walipoingia Bukavu na mabenki yakafunga milango, pesa nyingi zinalala nyumbani. Ndiyo maana watu wanaficha hesabu, na wana haki. Kikundi kikubwa hakiwezi kudai ukweli ambao unaweza kumletea mwenzetu hatari.

Basi napendekeza hivi. Tuwe watu watano au sita, wanaojuana. Kila Jumapili jioni, kila mmoja anaandika mambo matatu: niliahidi nini, nimefanya nini, nini kimenizuia. Tuhesabu mifuko, wateja, siku za kazi, si dola. Asiyeandika, anapigiwa simu Jumatatu na mwenzake mmoja aliyepangwa. Mara moja kwa mwezi tukutane pale Mudaka, kila mtu na kaye yake mkononi.

Lakini tusichukue kila kitu kwa wamama. Kuna wanaokopa kwa jirani ili wasionekane wameshindwa kununua hisa, na deni linazaa deni. Aibu ikizidi, mtu anaanza kudanganya au anatoroka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyekosa liwe "kumetokea nini?", faini ifuate baadaye, kama inastahili. Barabara ikifungwa, nyanya zinaoza. Ule si uvivu.

Biashara ya mtu mmoja haina bosi wa kukukemea wala mwenzako wa kukushtua. Inaweza kufa polepole, na mwenyewe anaendelea kupokea makofi kwenye simu. Wengi wetu mtaji wetu ni pesa ya mama au ya shangazi. Wale waliotupatia wako na haki ya kujua kama kuna mtu anatuuliza.

Kabla ya kunijibu hapa, andika majina ya watu watano ambao ungekubali wakuulize Jumapili hii.