Usimsifu Mtu kwa Vidanji Kabla Hujaona Rondeli

Jumamosi jioni, katika nyua za Kabondo na Mangobo mjini Kisangani, vijana hukusanyika kutazama vidanji, yaani pikipiki zikimwagwa oili. Ni burudani ya bure. Mmoja hukunja suruali, hufungua bolti ya oili, hurusha maji ya sabuni huku na huku, husugua tangi mpaka ling'ae, na baada ya dakika kumi huwasha injini na kuivurumisha hadi watoto wazibe masikio. Makofi hulia: huyu ndiye fundi! Mwenye jicho aliyesimama kando huona pikipiki iliyooshwa vizuri na vidanji mbovu.

Injini ilikuwa baridi. Oili iliyopoa hutoka kwa uvivu na kuacha chini uchafu uleule uliofanya imwagwe. Pikipiki ililalia mguu wa pembeni, kwa hiyo sehemu ya oili ya zamani imebaki ndani, na kipimo kilichosomwa baadaye ni cha uongo. Bolti ilifunguliwa kwa spana malaya. Hapo hakuna haja ya kuendelea kutazama. Kwenye Honda CG 125 na nakala zake za Kichina zilizojaa mjini, bolti hiyo kwa kawaida huchukua spana ya 17, kifaa ambacho hakikosekani sokoni. Kichwa cha bolti kilicholiwa pembe kinamtangaza mwenye pikipiki kabla hajafungua mdomo.

Vidanji yenye heshima hufanywa jioni, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akitoka kazini, injini ikiwa na joto la kuvumilika kwa kiganja. Asubuhi ni ya wavivu. Beseni liwe jeupe. La rangi nyingine halifai. Ndani ya beseni jeupe, chembe za chuma huonekana ziking'aa, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa husema wazi kwamba maji yameingia, jambo la kawaida kwa pikipiki iliyovuka madimbwi ya njia ya Banalia wakati wa mvua. Na anayemwaga asizungumze mpaka tone la mwisho lidondoke. Fundi mropokaji hajawahi kutoa kazi nzuri.

Lakini yote hayo hata mwanafunzi huweza kuyashika. Kinachomtenga bwana na mwigaji ni kile kiduara chembamba kinachokaa kati ya bolti na tumbo la injini: rondeli. Mwigaji huiona, hata huigusa, kisha huirudisha ilivyokuwa. Rondeli ya aluminiamu ilishabonyezwa mara moja. Imekwisha kazi, hutupwa. Ya shaba nayo hukakamaa kila inapobanwa, na ikishakakamaa haikubali tena kujaza mikwaruzo midogo ya injini. Oili hupenya. Mwenye pikipiki huona tone chini asubuhi na kukaza bolti. Kesho tone lingine, hukaza zaidi, mara hii kwa bomba lililovishwa kwenye spana. Tumbo la injini ni aluminiamu na bolti ni chuma, na katika ugomvi huo chuma hakishindwi: nyuzi hukatika, na bolti huzunguka bila kushika. Hapo huanza maonyesho ya gundi, mpira wa chubu, uzi wa nailoni na bolti nene iliyolazimishwa. Injini nzima imeharibika kwa sababu ya kipande kisicho na bei.

Mzee mmoja wa Mangobo, anayefanya kazi chini ya mwembe bila kibao, hatumii ila shaba, na hairudishi hivihivi. Huichomeka kwenye waya na kuilaza juu ya makaa ya jiko ambalo mkewe amemaliza kupikia sombe. Hungoja. Rondeli hubadilika rangi taratibu, kahawia, zambarau, kisha nyekundu kama kaa lenyewe, naye huitumbukiza ndani ya kikombe cha maji, ikalia chwii. Moto umeirudishia ulaini. Huipangusa weusi, huizungusha kwa kidole juu ya kipande cha kioo na majivu kidogo mpaka nyuso zote mbili ziwe sawa, ndipo huivisha bolti. Kukaza kwake ni kwa mkono mmoja na spana fupi. Bolti ikishakaa, huiongeza kidogo tu na kuacha. Wateja wenye haraka humwona mchawi au mvivu. Bolti zake hazidondoshi.

Kizazi chake kilifunzwa kwenye Yamaha AG 100, pikipiki ya mapadri na ya miradi. Injini ile ya mipigo miwili huchoma oili yake pamoja na petroli, na giaboksi huwa na oili yake peke yake, hivyo mwanafunzi alijua tangu mwanzo kwamba klachi huogelea ndani ya oili hiyo. Kisha ikaja vita. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani, na katika miaka ile mji ulibebwa na toleka, baiskeli za kubeba abiria. Pikipiki za bei nafuu za China na India zilipomiminika, wengi walitoka kwenye pedeli moja kwa moja hadi kwenye klachi, bila mzee wa kuwapiga kofi la mkono.

Ndiyo maana oili ya gari humiminwa bila aibu. Kwenye nakala hizi za CG, oili moja hulisha injini, giaboksi na klachi. Oili nyingi za magari zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi huishi kwa msuguano. Motari hupandisha abiria wawili na gunia, injini inapiga kelele, pikipiki haiendi. Wajapani walitoa kiwango cha JASO cha oili za pikipiki za mipigo minne mwaka 1998 kwa sababu hiyohiyo. Chupa isiyo na herufi MA au MA2 irudi kwenye rafu. Wala chupa ya lita nzima haimalizwi eti kwa kuwa imelipiwa: CG huchukua pungufu ya hapo wakati wa kumwaga, na kijiti chake hupimwa kikiwa kimekaa juu ya nyuzi, hakikazwi.

Wadanganyifu nao wana ufundi wao. Hukusanya chupa tupu, hujaza oili chakavu iliyochujwa kwa kitambaa na kubandika kifuniko kwa moto wa mshumaa. Pete ya kifuniko iliyochanika au kuyeyuka upande mmoja inatosha kukataa. Harufu ya kuungua ikisikika, hakuna la kujadili. Mzee wa Mangobo huuza oili chafu kwa wapasuaji wa mbao, wanaoitia kwenye minyororo ya misumeno, lakini chupa hamuuzii mtu. Huitoboa kwa msumari matakoni na ubavuni, mbele ya mteja. Watoto wanaookota chupa kwa ajili ya wauzaji wa sokoni humnunia, na mmoja alimwuliza kama angekubali kutoboa upande mmoja tu.