Bata wa Mabua, Kware wa Mlingotini

Bariadi tumezoea sanamu ya kufukuza ndege. Mtama ukianza kukomaa, mkulima anasimika miti miwili, anaivika shati kuukuu, na kuomba kwelea kwelea waogope. Sanamu ya kuita ndege ni kazi nzito zaidi. Anayefukuzwa akishtuka tu, inatosha. Anayeitwa lazima aamini mpaka atue.

Mwaka 1924, katika pango la Lovelock, jimbo la Nevada, Marekani, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta bata 11 wa kutengenezwa kwa mabua ya majini, wenye umri wa miaka kama 2,000. Mabua hayo ni ya jamii moja na mafunjo ya kwetu Busega, kandokando ya Ziwa Victoria. Fundi alikunja tita likawa kifua, akalikaza kwa kamba, akalikata sawasawa upande wa mkia. Kichwa alikifunga peke yake. Akapaka nyeusi na nyekundu, akachomeka manyoya meupe ubavuni. Miguu aliiacha, kwani bata akielea haionekani. Huo ndio ufundi ninaouheshimu: kujua ndege anatazama nini, na kuishia hapo.

Ng'ambo ya ziwa, huko Siaya na Busia nchini Kenya, wategaji wa kware hawaigizi umbo, wanaazima sauti. Wanasuka vikapu vidogo, vya wazi kiasi cha kupitisha mlio lakini visivyopitisha kichwa, kila kimoja kikiwa na ndege hai. Vikapu hutundikwa kwenye mlingoti mrefu, kimoja juu ya kingine, na kabla ya mapambazuko ndege huanza kuita. Kware wanaosafiri usiku wakifuata mvua huusikia wito, wakashuka majanini, na vitanzi viko njiani. Mtegaji asiyemlisha vizuri mwitaji wake hana mtego, ana kikapu tu.

Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamtaka mwindaji awe na kibali, na ni sawa kabisa, kwa kuwa chambo kizuri kinaweza kumaliza kundi. Lakini bata wa mabua anamfaa hata mtu mwenye kamera. Natamani watoto wa Lamadi na Nyashimo wafundishwe kumtengeneza, na waanze na kifua: kikifungwa kwa ulegevu, wimbi la kwanza linampindua.