Tunduma haina kitabu?

Dar es Salaam wasomi wameishibisha. Mwaka 2007 Brennan, Burton na Lawi walihariri mkusanyiko mzima juu ya historia yake. Mwaka 2017 Emily Callaci akachambua hata vile vijiriwaya vya mitaani vya miaka ya 1970, ambavyo sisi wa kozi za fasihi huvibeza. Kazi safi. Tunduma je? Kitabu cha Jamie Monson kuhusu TAZARA (2009) kinakaa zaidi Kilombero. Huku mpakani treni inapita tu. Beverley Brock aliandika juu ya Wanyiha mwaka 1968, ila hao ni wa koo na machifu, siyo wa mji. Basi mji wenye Kinyamwanga, Kibemba na Kiswahili cha madereva, eti hauna fasihi? Maandishi ya nyuma ya malori peke yake ni sura nzima, nayo hayasubiri mtafiti: gari likipakwa rangi upya, yamekwisha.